Airisi ya kishungi haitoi maua, inaoza au imepata upara katikati? Anza kwa kuangalia raizomu

Kila ikifika mwisho wa Aprili simu yangu inajaa voisi na picha za jamaa zetu wa Tennessee na Kentucky waliopanda airisi ya kishungi, lile ua fupi la misitu ya huku Marekani, na maswali ni yaleyale, mbona majani matupu, mbona imelainika na inanuka, mbona katikati pamebaki upara. Mwaka huu mama mmoja mzaliwa wa Uvira, anaishi Louisville, alinitumia voisi ya dakika nne, anasema, "Binti yangu, majani iko mingi, lakini maua hata moja hakuna. Nimeweka mbolea, nimeongeza udongo muzuri, maji kila siku. Inataka nini tena?" Jibu lilikuwa humohumo ndani ya voisi yake: mbolea, udongo juu, maji kila siku. Nikamwambia, mama, shikamoo, kabla hujaongeza kitu kingine naomba uchuchumae, upangue matandazo kwa vidole, unitumie picha ya raizomu. Akatuma. Hamna raizomu iliyoonekana, ilikuwa imezikwa kama sentimita sita chini.

Basi hapo ndo pa kuanzia, tatizo liwe lolote lile. Usianze na dawa wala mbolea, anza na raizomu, yaani kile kishina kinacholala mlalo kama tangawizi. Naisema hii kwa uchungu kwa sababu mimi mwenyewe nilipoteza kishada kizima mwaka wangu wa kwanza hapa Knoxville. Nimekulia Makete, jirani na Kitulo, na kule ndugu wa airisi tunaowajua ni gladiola wa porini, wale wanakaa chini kwenye kitunguu chao, ukitaka kuwahamisha unachimba ndani na unawafukia ndani. Nikaleta mazoea yale huku. Nikazika raizomu vizuri kabisa, nikashindilia, nikaweka na mboji juu, ilipofika Julai imeoza yote. Hii airisi ya huku inaishi juu ya ardhi, mizizi ndo iko chini, mgongo wake unatakiwa uone hewa.

Kwanza hakikisha ni yenyewe

Jina la kisayansi ni Iris cristata, lilichapishwa na William Aiton mwaka 1789, na hilo cristata ni Kilatini kwa maana ya yenye kishungi, kama kishungi cha ndege. Ni ya asili ya mashariki ya Marekani, milima ya Appalachia na Ozark na vilima vya katikati yake, inaota kwenye miteremko ya misitu, kingo za vijito, sehemu zenye mawe na majani yaliyooza. Ni fupi, wakati wa maua majani yake yanafika kama sentimita 10 mpaka 15 hivi, halafu maua yakishapita yanaendelea kurefuka. Ua ni la rangi ya samawati iliyochanganyika na zambarau, saa ingine jeupe, na kwenye zile petali tatu za chini za ua kuna baka jeupe lenye vijituta vya njano au chungwa vinavyopita katikati. Hivyo vijituta ndo kishungi chenyewe.

Kwanini nakazania hili? Kwa sababu nusu ya ushauri mbovu unatoka kwenye kuchanganya mimea. Tennessee ilichagua airisi kuwa ua la jimbo mwaka 1933 na sheria haikusema ni airisi ipi, watu wakaichukulia kuwa ni ile ndefu ya bustanini yenye ndevu, ambayo asili yake siyo huku. Ile inataka jua la kutwa. Ukisoma maelekezo ya ile ukayatumia kwa hii ndogo ya msituni utaichoma. Kuna nyingine fupi pia, Iris verna, haina kishungi, majani yake ni membamba na yamenyooka zaidi, ua lina harufu nzuri, na yenyewe inataka udongo wenye asidi na unaopitisha maji haraka, kwa hiyo ukiipanda kwenye sehemu ya airisi ya kishungi ukaona inadhoofika siyo ugonjwa, iko tu mahali pasipo pake. Ukiwa na wasiwasi subiri ua lifunguke uangalie kishungi, hamna njia fupi kuliko hiyo.

Majani mengi, maua hamna

Hili ndo linaongoza. Sababu ziko kadhaa na huwa nazifuata kwa mpangilio huu, kwa sababu ya kwanza ndo ninayoikuta mara nyingi zaidi.

Imezikwa. Pangua matandazo uone. Raizomu ya hii airisi ina vipande vifupi vilivyonenepa, vimeunganishwa na vikamba vyembamba, utafikiri mtu kafunga vipande vya tangawizi kwenye uzi. Ukiona mgongo wa hivyo vipande juu ya udongo, safi. Ukilazimika kuchimba kuvitafuta, umepata tatizo lako. Huhitaji kung'oa, ondoa tu udongo wa juu kwa mkono polepole mpaka migongo itokeze, mizizi iache ilivyo. Fanya baada ya maua ya wenzake kuisha, Mei au Juni mwanzoni, usitegemee maua mwaka huohuo, ni mwaka unaofuata.

Kivuli kimezidi. Watu wakisikia ua la msituni wanalipeleka kwenye kona yenye giza nyuma ya nyumba ambako hata majani ya kawaida hayaoti. Lakini fikiria msitu wa huku ulivyo, wakati airisi inachipua Machi na Aprili miti haijatoa majani bado, jua linafika mpaka chini, halafu miti inajifunika na kivuli kinakuja baadaye airisi ikiwa imeshamaliza kazi yake ya maua. Ukuta wa nyumba au misonobari haipukutishi, kivuli chake ni cha mwaka mzima. Jua la asubuhi masaa matatu manne kisha kivuli mchana ndo panapofaa zaidi kwa joto la hapa Tennessee. Majani ya airisi yaliyoko gizani yanakuwa marefu, laini, yanalala, rangi ya kijani nzito, ukiona hivyo ujue ni kivuli.

Mbolea ya nyasi za uwanja. Hii inawapata watu bila kujua, unaweka mbolea kwenye nyasi za mbele ya nyumba, au mwenye nyumba anamleta mtu wa kuweka, inatupwa kwa mashine mpaka kwenye bustani. Ile imejaa nitrojeni, airisi inanenepa majani na haioni haja ya kutoa ua. Na hao watu wa nyasi huwa wanapuliza na dawa ya kuua magugu yenye majani mapana, ambayo airisi ikipata nayo inajikunja na kuduwaa. Waambie waache mita moja au mbili. Hii airisi haihitaji mbolea ya dukani kabisa, majani yaliyooza ya kila mwaka yanatosha.

Bado changa au imegawanywa juzi. Kipande chenye feni moja ya majani, yaani majani yaliyopangana kama kipepeo cha mkono, kinaweza kukaa mwaka mmoja mpaka miwili kikijenga mizizi kwanza. Hapa dawa ni subira tu.

Jalidi. Kuna mwaka machipukizi yanaonekana vizuri, yanavimba, halafu usiku mmoja wa Aprili joto linashuka chini ya sifuri na asubuhi yamelegea, yamegeuka kama karatasi iliyolowana. Wenyeji wa huku wanazijua hizi baridi za kushtukiza mpaka wamezipa majina, moja inaitwa kwa mti wa dogwood na nyingine kwa tunda la blackberry, kwa sababu zinakuja wakati hivyo vinachanua. Ukiona majani ni mazima na machipukizi tu ndo yamekufa, ni jalidi, na mmea wenyewe hauna shida. Nyie mliotoka Makete au Njombe mnaijua, viazi vinavyofanywa na jalidi ya Juni. Ukisikia taarifa ya hali ya hewa funika na shuka la zamani jioni, toa asubuhi, usitumie nailoni iguse majani maana hapo inapogusa panaungua zaidi.

Na swali dogo linalofanana na hili: "imechanua siku tatu tu ikaisha." Hiyo siyo tatizo, ua moja linakaa siku mbili tatu, kishada chenye maua mengi kinakupa kama wiki mbili kwa sababu yanapokezana. Ukipanda sehemu mbili, moja yenye jua la mapema na moja ya upande wa kaskazini, unapata maua yanayofuatana.

Upara katikati

Unaangalia kishada chako cha miaka minne, pembeni kijani kibichi, katikati vipande vikavu vya kahawia na udongo mtupu, kama mtu kaweka sufuria la moto pale. Watu wanaogopa sana hili wakati ndo tabia yake. Kila feni ya majani ikishatoa ua haitoi tena, inatoa machipukizi ya pembeni, hayo yanasogea mbele na kutoa yao, na ya nyuma yanazeeka. Kwa hiyo kishada kinatembea kwenda nje kama duara la maji ukirusha jiwe bwawani. Msituni halionekani tatizo kwa sababu kina nafasi ya kutembea.

Bustanini unafanya hivi: maua yakiisha, au mwanzoni mwa mapukutiko, Septemba hivi joto likipungua, nyanyua vipande vya pembeni vyenye afya, kila kipande kiwe na feni mbili au tatu na mizizi yake, ondoa vya zamani vikavu, legeza udongo wa katikati, ongeza mboji ya majani kidogo, kisha rudisha. Tandaza mizizi pembeni kama vidole, mgongo juu, bonyeza kwa kiganja, umbali wa sentimita 15 mpaka 20. Kama hupendi kugawa, nyunyiza tu mboji nyembamba ya majani kwenye ule upara, machipukizi mengine yatarudi ndani yenyewe, nimeona ikitokea.

Ila tofautisha. Upara wa uzee ni mkavu, vipande vigumu, havina harufu. Upara uliolainika na kunuka ni habari ya pili.

Imelainika chini, majani yanang'oka ukivuta kidogo

Hapa inabidi unuse na uangalie kwa makini maana ni magonjwa mawili tofauti na dawa zake haziko sawa.

La kwanza ni uozo wa bakteria. Raizomu inakuwa kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, ukibonyeza inatoa maji, na harufu yake ni mbaya sana, hutaisahau. Inaingia kwenye kidonda, ama umekata na koleo, ama konokono kala, ama maji yametuama. Udongo mwekundu wa mfinyanzi wa huku Tennessee mashariki unashika maji kama bakuli, ukichimba shimo kwenye ule udongo ukajaza mboji laini na kupanda ndani umetengeneza bakuli kweli. Kata sehemu zote laini mpaka ufike panapokuwa peupe na pagumu, futa kisu kwa spiriti au kichovye kwenye jiki iliyochanganywa na maji, jiki moja kwa maji tisa, kila unapokata. Acha vipande vizima vikauke kivulini siku moja kisha panda pengine, penye mteremko, au inua kitanda kwa mawe na magome ya msonobari yaliyosagwa. Usirudishe palepale.

La pili ni fangasi, Sclerotium rolfsii, na hili ndo la kusini hasa, linapenda joto na unyevu wa Julai na Agosti. Majani yanageuka njano kuanzia chini, yanaanguka, na pale yanapogusana na udongo utaona nyuzi nyeupe kama pamba zimetambaa, na ndani yake vipunje vya mviringo, kwanza vyeupe halafu kahawia, ukubwa wa mbegu ya haradali. Harufu siyo kali kama ya bakteria. Ukiona vile vipunje usicheleweshe, kwa sababu hivyo ndo vinabaki kwenye udongo miaka na miaka. Toa mmea na udongo unaouzunguka, kina cha kiganja, weka kwenye mfuko wa taka, usitie kwenye lundo la mboji hata kidogo. Sogeza matandazo mbali na mimea iliyobaki, punguza msongamano hewa ipite, na osha koleo na viatu kabla hujaenda kitanda kingine. Ukiwa huna uhakika ni lipi kati ya haya mawili, kila kaunti ina ofisi ya ugani, peleka kipande kwenye mfuko, wenzetu hawa kazi yao ndo hiyo na hawakuulizi lafudhi yako. Watu wetu wengi hawajui kwamba bwana shamba yupo hata mjini.

Matandazo ya duka, yale ya magome mazito yanayowekwa inchi tatu nne kila springi, yamechangia vifo vingi kuliko ukame. Kwa hii airisi weka kitu chepesi, majani yaliyosagwa, safu nyembamba ambayo bado unaona migongo. Na ikifika Novemba majani ya mwaloni yakianguka, usiyaache yakalala juu yake kama blanketi lililolowana mpaka Machi, yapunguze kwa mkono, mengine acha. Msituni upepo na mteremko vinafanya hiyo kazi.

Ua limetoboka, majani yameliwa pembeni

Ni konokono uchi, yule asiye na gamba, wengine mnamwita koa. Ua linakuwa limepasukapasuka siku ileile limefunguka, majani yana mashimo yasiyo na mpangilio, na asubuhi mapema unaona njia ya ute inayong'aa. Toka na tochi saa nne usiku baada ya mvua utawaona wenyewe. Mi naweka kipande cha mbao chini jirani na airisi, asubuhi nakigeuza, wamejibanza hapo, nawatoa. Kuna chambo cha vidonge vya fosfeti ya chuma kinauzwa madukani, hicho ndo ninachoshauri kwa wenye watoto na mbwa kuliko vile vyenye metaldehaidi ambavyo ni sumu kali kwa wanyama, hata hivyo fuata maelezo ya pakiti. Anza Machi machipukizi yakitokeza tu, ukisubiri maua umechelewa.

Swala wa huku mara nyingi wanaipita hii airisi, kwa hiyo kama imekatwa safi kama kwa mkasi usikimbilie kumlaumu swala, angalia kwanza kama siyo mashine ya kukatia nyasi.

Imetoka nje ya udongo, mizizi juu

Kama ni Februari, udongo unaganda usiku na kuyeyuka mchana, unavimba na kushuka, na kitu chenye mizizi mifupi kinasukumwa juu kidogokidogo mpaka siku moja unaikuta imelala kama imeng'olewa. Hasa iliyopandwa Oktoba mwishoni haijashika. Ibonyeze kwa kiganja siku ambayo udongo umelainika, weka jiwe bapa dogo juu ya mizizi, siyo juu ya feni, na mwaka mwingine panda mapema zaidi.

Kama ni majira mengine na kuna vishimo vya mviringo kila mahali, ni kindi, anazika njugu zake au anatafuta alizozika, na hana haja na airisi. Na miaka ya karibuni Tennessee tumepata amadilo pia, yule mnyama mwenye magamba anayewakumbusha watu kakakuona, anafukua usiku akitafuta wadudu na anaweza kupindua kitanda kizima. Dawa ya wote wawili ni moja, rudisha airisi haraka kabla mizizi haijakauka, mwagilia, kisha laza wavu wa kuku juu ya udongo, majani yatapita kwenye matundu.

Majani yamegeuka njano au ncha zimekauka

Inategemea mwezi. Septemba na Oktoba kuwa njano ni kawaida, inajiandaa kulala, yatakufa yote na utafikiri mmea umekufa, acha hapohapo na weka kijiti cha alama usije ukachimba kwa kusahau. Julai na Agosti ncha kuwa kahawia ni jua kali la mchana au ukame. Airisi iliyoshika inavumilia ukame wa kawaida kivulini, lakini ya mwaka wa kwanza mwagilia, kama sentimita 2 na nusu ya maji kwa wiki ukijumlisha na mvua, mara moja kwa kina kuliko kidogokidogo kila siku. Yule mama wa Louisville maji yake ya kila siku yalikuwa yanalowanisha mgongo tu, mizizi chini haipati kitu.

Mei na Juni njano wakati mishipa ya jani imebaki kijani, hapo nauliza umepanda karibu na nini. Karibu na msingi mpya wa zege au njia iliyomwagwa chokaa, udongo unakuwa na chokaa nyingi na mmea unashindwa kuchukua chuma. Hii airisi siyo ngumu kwenye mambo ya asidi, inavumilia mpaka udongo wa kati na kati, lakini uchafu wa ujenzi ni kitu kingine. Pima udongo kupitia ofisi ileile ya ugani kabla hujamwaga salfa.

Madoa ya kahawia yenye ukingo wa njano yanayotokea mwisho wa kiangazi ni fangasi wa majani, hayaui, kata majani yaliyokufa mapukutiko yakiisha uyatoe bustanini.

Inazidi kufifia na hakuna dalili yoyote

Angalia majirani zake. Huku kwetu Knoxville kuna nyasi moja ya kutoka Asia, Microstegium vimineum, na historia yake inaniuma kwa sababu mara ya kwanza kurekodiwa Marekani ilikuwa hapahapa Knoxville mwaka 1919, leo imetapakaa misitu ya mashariki yote. Inafanana na mianzi midogo, jani lina mstari wa fedha katikati, na inapenda palepale airisi inapopenda, kivuli chenye unyevu. Aprili huioni, ikifika Julai imeifunika airisi kabisa, kwa hiyo airisi inakosa mwanga wa kujaza akiba ya mwakani, na mwaka baada ya mwaka maua yanapungua bila jani hata moja kuwa na ugonjwa. Habari njema ni kwamba ni ya mwaka mmoja na mizizi yake ni mifupi, inang'oka kwa vidole viwili. Ng'oa Julai na Agosti kabla haijatoa mbegu, shika airisi kwa mkono mwingine maana raizomu zake ziko juu na zinakuja nayo. Mbegu zake zinakaa udongoni miaka kadhaa, hivyo rudia kila mwaka, usiache katikati.

Mbegu hazioti

Kifuko cha mbegu kiko chini kabisa kimefichwa na majani, kina kona tatu, kikiiva kinapasuka na siku ileile sisimizi wanakuja, kwa sababu kila mbegu ina kijisehemu cha mafuta ambacho wao wanakula, wanabeba mbegu wanaenda nayo. Ndivyo inavyosambaa msituni. Kwa hiyo kama unakuta kifuko kitupu hujaibiwa na mtu. Kusanya kikianza kuwa njano, panda mbegu mbichi hapohapo nje kwenye chungu, zinahitaji kupita baridi ya kipupwe zikiwa na unyevu ndo zichipue, na ua ni baada ya miaka miwili mitatu. Ukiziweka kwenye droo kavu mpaka springi usishangae zikigoma.

Imekufa ndani ya mwezi baada ya kununua

Nina neno hapa. Airisi hii bado ni nyingi kwenye Smoky Mountains, lakini Maryland na Pennsylvania imeorodheshwa kuwa hatarini, na kuna watu wanachimba porini na kuuza mizizi mitupu kwa bei ya chini. Kuchimba mmea ndani ya hifadhi ya taifa ni kosa kisheria. Mimi nimekua nikiona mizizi ya okidi za Kitulo ikichimbwa magunia kwa magunia kwenda Zambia kutengenezwa chakula kinachoitwa chikanda, na kuna sehemu ambazo bibi alinionyesha zimejaa maua na leo ni majani matupu, hata baada ya kuwa hifadhi mwaka 2005. Sitaki kuliona tena kwa macho yangu nchi nyingine. Uliza kitalu swali moja, mmezalisha wenyewe au mmetoa wapi. Muuzaji mzuri anajibu bila kusita. Ya porini inakuja na mizizi iliyokatika, udongo wa msitu, na mara nyingi inakufa, kwa hiyo hata pesa umepoteza. Zinazopatikana vitalu vingi na zina nguvu ni kama 'Eco Bluebird' ya samawati na 'Tennessee White' nyeupe.

Ukinunua ya kwenye chungu, inamishe, angalia juu ya udongo. Raizomu ikiwa imekua mpaka inagonga ukingo wa chungu na kugeuka, nyoosha kwa upole wakati wa kupanda, elekeza ncha zenye machipukizi kule unakotaka itembee. Nawa mikono baadaye, utomvu wake unawasha ngozi za watu wengine, na nawaomba sana wenye watoto na wazee nyumbani, vile vipande vinafanana na tangawizi lakini ni sumu, vinatapisha na kuharisha, msiviache jikoni wala msivijaribu kwenye chai.

Yule mama wa Uvira alipangua udongo wote tarehe za mwanzo za Mei, akaacha mbolea, maji akapunguza yakawa mara moja kwa wiki. Juzi kanitumia picha nyingine, migongo iko nje, ya kijani na kahawia, na kila kipande kina vichipukizi viwili vipya pembeni, nimemwambia asiguse tena kitu mpaka Machi.